Kutoka Mbulu na Hanang Kwenda Pwani: Gharama Zilizo Nyuma ya Bei ya Kiwanja

Uhamaji si jambo geni katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Wairaqw walisambaa kutoka Kainam na vijiji vya jirani katika milima ya Mbulu hadi Karatu, Babati na Hanang wakifuata ardhi ya kulima. Nao Wabarbaig, baada ya tambarare za Basotu kugeuzwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada, walipoteza malisho yanayokadiriwa kufikia hekta 40,000, na sehemu yao ikaswaga mifugo kuelekea kusini na mashariki hadi Usangu, Rufiji na Kilwa. Pwani, kwa hiyo, ina watu wa Hanang tayari, ingawa wengi wao walifika huko kwa kusukumwa kuliko kwa kuchagua. Mwalimu anayekaribia kustaafu Dongobesh au mfanyabiashara wa vitunguu saumu wa Bashay anakabiliwa na swali la namna nyingine: hatafuti malisho, bali mji wa pwani anaoumudu na ambao ataridhika kuishi humo.

Wanaouliza swali hilo huanza na bei ya kiwanja, nayo ndiyo kipimo dhaifu kuliko vyote. Kiwanja huwa rahisi kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu hiyo ndiyo itakayomgharimu mnunuzi baadaye: hakijapimwa, hakina maji baridi, kiko kwenye mkondo wa mafuriko, au kimeuzwa na mtu asiye na mamlaka ya kukiuza.

Ardhi ya mjini na ardhi ya kijiji zinatawaliwa na sheria mbili tofauti, yaani Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999. Kiwanja kilichopimwa ni kile ambacho mipaka yake imewekewa mawe na mpimaji, kikachorwa kwenye ramani iliyoidhinishwa na kupewa namba na kitalu, na mmiliki wake hupata hati ya muda maalumu wa miaka 33, 66 au 99. Kiwanja kisichopimwa huuzwa kwa karatasi ya mauziano yenye mihuri ya serikali ya mtaa, ambayo ni ushahidi kwamba pesa zilipokelewa, lakini haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza wala kwamba eneo hilo halikupangiwa barabara au shule. Vijijini hali ni nyeti zaidi, kwa kuwa halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni mkusanyiko wa wakazi wote watu wazima. Mwenyekiti anayetoa ekari kwa mgeni kwa makubaliano ya watu wawili anatoa kisicho chake. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au wa ziwa la asili, hivyo nyumba inayotazama maji kwa karibu sana, iwe Pangani au kando ya Ziwa Basotu, ina kasoro ya kisheria tangu msingi wake unapochimbwa.

Baada ya sheria huja hali ya hewa, ambayo mtu wa nyanda za juu huipuuza kwa kuwa safari zake za pwani huwa fupi. Katesh, wilayani Hanang, na mji wa Mbulu ziko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, anayeshuka pwani huishi katika joto lililozidi kwa nyuzi 10 hivi mwaka mzima. Kipindi kigumu zaidi ni kati ya Desemba na Machi, wakati wa upepo wa kaskazi, ambapo usiku nao hautoi nafuu kwa sababu ya unyevunyevu. Gharama ya feni, jokofu na umeme, ambayo nyumba nyingi za Mbulu haziijui, huingia katika bajeti ya kila mwezi.

Malaria ni suala zito kuliko joto. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, kiwango cha maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Manyara kilikuwa chini ya asilimia 1, wakati Mtwara kilikaribia asilimia 20. Watu waliokulia mahali penye malaria nyingi hujenga kinga ya kiasi, yaani mwili hujifunza kupunguza ukali wa ugonjwa kwa kuugua mara kwa mara. Mtoto wa Haydom anayehamia kusini hana kinga hiyo, na hata mtu mzima anaweza kuugua vibaya. Chandarua chenye dawa na ukaribu wa kituo cha afya chenye vipimo ni mahitaji ya kwanza, na familia yenye watoto wadogo ina sababu ya kutosha kuupa umbali wa hospitali uzito zaidi ya umbali wa ufukwe.

Chumvi nayo hula pesa polepole. Hewa ya baharini hutia kutu mabati na nondo haraka, kwa hiyo bati jembamba linalodumu miaka mingi Katesh litahitaji kubadilishwa mapema likiezekwa karibu na bahari, na zege lililochanganywa na mchanga wa ufukweni hupasuka kadiri nondo zinavyovimba kwa kutu ndani yake. Visima vifupi vya karibu na pwani huweza kuingiliwa na maji ya bahari, hali inayotokea pale maji baridi ya ardhini yanapovutwa kwa wingi kuliko yanavyojazwa na mvua. Jirani aliyeishi hapo miaka kumi ndiye wa kuulizwa kuhusu kisima, kabla dalali hajaulizwa kuhusu bei.

Kwa vipimo hivi, miji ya pwani haiko sawa. Bagamoyo, iliyokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, iko karibu mno na Dar es Salaam kiasi kwamba soko lake la ardhi linaendeshwa na wakazi wa jiji hilo na kwa matumaini ya bandari mpya. Kwa mstaafu wa Mbulu, unafuu wake umekwisha. Pangani ni mji mdogo mtulivu, lakini anayeuhamia anapaswa kuwa na kipato kisichotegemea soko la hapo.

Tanga inastahili kutazamwa kwa makini kuliko miji mingine. Mji huo ulijengwa kwa ajili ya uchumi mkubwa kuliko ule uliosalia baada ya katani kuanguka: reli yake ilianza kujengwa mwaka 1893, bandari na viwanda vikafuata, na nyuzi za viwandani zilipoiangusha bei ya katani duniani, mji ukabaki na mitaa iliyopangwa, kama zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba, na nyumba ambazo kodi yake haijapanda kama ya Dar es Salaam au Arusha. Una hospitali ya rufaa ya mkoa ya Bombo, na maji yake hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa hatifungani, yaani mkopo unaochukuliwa kwa umma na kurejeshwa kwa riba, ili kupanua huduma. Nafuu hiyo ya kodi haitadumu bila kuguswa, kwa kuwa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, nje kidogo ya mji, na madalali wanalijua hilo vizuri.

Lindi na Mtwara zinamfaa zaidi mkulima. Mbaazi, zao linalofahamika vyema Hanang na Babati, hulimwa kwa wingi huko pia, na huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo ambao mkulima hupeleka mazao kwenye ghala lililosajiliwa, hupewa hati ya uzito na ubora, kisha hulipwa baada ya mnada. Ufuta na korosho huongeza kipato. Tahadhari inatokana na wafugaji walioondolewa katika bonde oevu la Ihefu, Usangu, mwaka 2006 na 2007 na kuelekezwa Lindi na Pwani, ambako vijiji vingi havikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi, yaani mgawanyo uliokubaliwa wa maeneo ya kilimo, malisho, makazi na misitu, na migogoro na wakulima ikafuata. Anayekusudia kwenda na ng'ombe aombe kuuona mpango huo kwanza.

Wapo pia wanaohama kwa hofu ya mlima, baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 kutoka Mlima Hanang kuua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani. Hofu hiyo ina msingi, ila pwani nayo ina hatari zake: Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, na aliyekuwa akisubiriwa mazishini nyumbani hakuwa na njia nyingine ya nchi kavu iliyo rahisi.

Safari za nyumbani, kwa misiba na harusi, ni gharama ya kudumu ambayo haimo katika mkataba wowote. Kutoka Katesh hadi Tanga kwa njia ya Babati, Arusha na Moshi ni karibu kilomita 700 za lami, safari inayowezekana kwa siku moja ndefu. Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 nyingine baada ya kufika Dar es Salaam, hata kama treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imefupisha sehemu ya njia hiyo.

Kwa kaya ya kawaida ya Mbulu au Hanang isiyotegemea shamba, basi, Tanga ndio mji wa pwani unaofaa zaidi kwa sasa, na kwa mkulima wa mbaazi asiye na mifugo, Lindi inafuata. Katika miji yote miwili inashauriwa kupanga kwanza badala ya kununua, hata kama mwenye nyumba atadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na miezi hiyo ianze Desemba ili ipite katika joto la kaskazi na kumalizika ndani ya mvua za masika, wakati ambapo viwanja vinavyojaa maji huonekana kwa macho.