Ubongo na Tabia: Shahada Inayodai Makasia Mawili

Wanafunzi wanaotaka kujua kwa nini binadamu hutenda anavyotenda huniuliza iwapo wasomee sayansi ya ubongo na tabia katika shahada ya kwanza. Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa masharti.

Taaluma hii si ngeni kwetu sisi wanaisimu. Mwaka 1861, jijini Paris, tabibu Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", ilhali alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874, Carl Wernicke wa Ujerumani alieleza hali iliyo kinyume: wagonjwa wanaotiririka maneno yasiyoeleweka, kwa kuwa sehemu ya nyuma zaidi ya upande huo imedhurika. Matokeo hayo yalidokeza kwamba kusema na kuelewa ni kazi mbili tofauti.

Basi mwanafunzi ajue atakachokikuta: biolojia, kemia, saikolojia na takwimu nyingi. Ajue pia kwamba shahada hiyo peke yake haimfanyi kuwa daktari. Wengi hulazimika kuendelea na masomo ya juu.

Nanyi walimu, mnapowaelekeza vijana kuchagua mikondo katika sekondari ya juu, msimwambie apendaye lugha aitupe biolojia, wala apendaye biolojia aidharau lugha. Ubongo hauijui mipaka hiyo. Elimu ni bahari. Apigaye kasia upande mmoja huzunguka papo hapo.