Brashi Ikigoma, Nyumba Isigome

Unaijua hali hii? Rangi zipo, brashi zimeoshwa, simu umeizima, watoto wamelala. Unakaa mbele ya ubao mweupe ukiwa na hamu kweli ya kuchora, lakini kichwa hakitoi kitu. Dakika kumi zinapita, nusu saa, saa nzima. Mwishowe unainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo tayari ni visafi!

Wasanii wengi tunaiita hali hiyo kukauka. Mimi nachora baada ya saa za ofisi, na kuna wakati nilikaa miezi saba bila kumaliza picha hata moja. Kilichoniuma si picha tu. Mume wangu alikuwa akirudi jioni ananiuliza, kwa upendo kabisa, "Mama watoto, leo umechora?" Masikioni mwangu swali lile likawa kama hodi ya mwenye nyumba anayefuata kodi yake. Taratibu maongezi ya mezani yakapungua, tukabaki kuulizana chumvi iko wapi. Ndiyo maana nasema, msanii mmoja akikauka, nyumba nzima huona kiu.

JUA KINACHOKUZUIA
Usikimbilie kujiita mvivu. Hebu jiulize kwanza, ni kipi kati ya hivi?

Uchovu. Kichwa kilichoshinda na hesabu za watu kutwa nzima, kikakaa foleni saa mbili, hakiwezi kuamriwa saa nne usiku kiwe na mawazo mapya.

Hofu. Hujachora hata mstari, tayari unamsikia shemeji akisema, "Sasa hii ndiyo nini?"

Soko. Picha moja ya twiga imeuzika, basi kila mteja anataka twiga yule yule. Mkono unaendelea kuchora, moyo umeshaondoka.

Ya nne watu huwa hawaisemi: uhuru uliopitiliza. Ukiweza kuchora chochote, kwa rangi yoyote, kwa ukubwa wowote, utaanzia wapi? Mimi ugonjwa wangu ulikuwa huo. Na dawa yake niliipata kwa kuwaangalia wakubwa waliotutangulia.

UBAO MDOGO, RANGI CHACHE
Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha. Alipoanza kuchora, kwenye mwaka 1968, hakuwa na duka la vifaa vya sanaa. Alichukua mbao nyembamba za kawaida za ujenzi, akatumia rangi za kung'aa zinazopakwa kwenye baiskeli. Vibao vya mraba vya kama sentimita 60 kwa 60, rangi chache zisizokubali kuchanganywa ovyo, mnyama au ndege katikati. Basi! Alifariki mwaka 1972, kwa hiyo alichora kwa takriban miaka minne tu, lakini jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji. Hadi leo wapo wachoraji Dar es Salaam wanaoishi kwa kazi hiyo.

Sasa vuka bahari uende Ufaransa. Mchoraji Henri Matisse alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, akiwa na miaka 71. Baada ya hapo kusimama muda mrefu mbele ya picha kukawa shida. Unajua alifanya nini? Alishika mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, yeye akazikata maumbo akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu, kisha zikapangwa na kubandikwa. Kazi hizo za karatasi leo zinahesabiwa kati ya bora kabisa alizowahi kufanya.

Mmoja alibanwa na mfuko, mwingine na mwili, na hakuna kati yao aliyesubiri mambo yanyooke ndipo aanze. Kumbe mpaka ukiwa karibu, jicho linajua pa kutua.

FANYA HIVI WIKI HII
Jiwekee mipaka mwenyewe. Chagua rangi tatu, zilizobaki zifungie kabatini. Chagua kitu kimoja kilichomo ndani ya nyumba, birika au kandambili, ukichore wiki nzima. Siku ya tatu kitakuchosha, siku ya tano utaanza kukiona.

Weka muda mfupi. Dakika 25 zinatosha. Saa ikilia, weka brashi chini hata kama mambo yamenoga. Ukiacha ukiwa na hamu, kesho hutaburuzwa.

Chora picha mbili kwa pamoja. Rangi ya mafuta haikauki upesi, na ukiishapaka rangi ya chini huna budi kungoja. Moja ikikauka, endelea na nyingine. Hata ile moja ikikushinda, siku haijaharibika.

Usihukumu usiku. Igeuzie picha ukutani, uitazame tena baada ya siku tatu. Mengi yanayoonekana takataka saa tano za usiku huwa ni uchovu wako tu.

NA WEWE MWENZA WAKE
Hapa ndipo penye kazi, jamani. Mwenzako akikauka, usimuulize amechora nini. Muulize anahitaji nini. Kwetu tulikubaliana mambo mawili. Mume wangu anakaa na watoto saa moja kila Jumanne na Alhamisi, na haingii nilipo mpaka nimwite. Nami nikimwita, namwambia mapema ninachotaka: maoni, au macho tu. Siku nyingine mtu anahitaji mwenzake asimame pale, atazame, anyamaze. Swali la kila jioni lilipokufa, maongezi ya mezani yalirudi hata kabla picha hazijarudi.

Lakini tusidanganyane. Kama usingizi umepotea, chakula hakipandi, na hata mambo mengine uliyoyapenda hayakuvutii kwa wiki kadhaa, hapo tatizo si sanaa. Nenda ukamwone daktari, na kama wewe ndiye mwenza, msindikize.

Kwa wengine wote, kazi ni moja. Jumamosi hii pitia kwa fundi seremala, mwombe akukatie vibao vidogo vitano. Vitano, si kimoja! Mwenye kibao kimoja hutaka kuchora picha ya maisha yake. Mwenye vitano ana ruhusa ya kuharibu vinne.