Msimu wa Maonyesho kwa Wachoraji wa Tingatinga

Mchoraji wa Tingatinga haandai maonyesho peke yake. Jina litakalobandikwa ukutani ni lake, saini iliyo chini ya picha ni yake, na mteja akipatikana atakayepeana naye mkono ni yeye. Lakini kabla picha haijatundikwa, imeshapita mikononi mwa watu wengi: aliyepiga fremu, aliyevuta kitambaa, aliyeazimisha kopo la rangi nyeupe usiku maduka yamefungwa, na yule mzee aliyesimama nyuma akatazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, huyu twiga shingo imekaa vibaya. Ifute uanze upya." Ndiyo maana anayetaka kuwaelewa wachoraji hawa wa Dar es Salaam namshauri asianze na picha. Aanze na wanavyoishi wao kwa wao, hasa ile miezi ambayo maonyesho yanakaribia.

Asili yao inajulikana. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa kusini wa enzi zile, aliondoka kwenda kutafuta kazi, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, hatimaye akafika Dar es Salaam na kufanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Mwaka 1968 hivi akaanza kuchora juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, akitumia rangi za mafuta zilezile ambazo watu walinunua kupaka baiskeli. Picha ziliuzwa Oyster Bay, nje ya Morogoro Stores, mahali ambapo wageni walifika kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi, polisi walipomdhania mhalifu anayetoroka. Alichora kwa takriban miaka 4 tu. Yote yaliyofuata, yaani mamia ya wachoraji, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1990, picha zilizofika Japani na Skandinavia, yametoka katika miaka hiyo michache na katika watu wachache aliowafundisha: Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu na Ajaba Abdallah Mtalia, na baada yao wakaja akina Omari Amonde.

Wengi wa hao walikuwa ndugu na jamaa zake, au watu wa kwao. Jambo hili naona lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Wamakua, ambao Edward alikuwa na damu yao, ni watu wa ukoo wa mama. Kwao mjomba ana sauti juu ya mpwa wake, na ana wajibu pia. Kijana akija mjini, mjomba hawezi kumwacha atangetange. Kama mjomba ni mchoraji, basi mpwa naye ataketi sakafuni pembeni yake, na baada ya mwaka mmoja au miwili naye ni mchoraji. Hapakuwa na fomu ya kujaza wala ada ya kulipa. Hata leo, ukimwuliza mchoraji pale Oyster Bay alifundishwa na nani, mara nyingi jibu litaanza na neno la undugu: mjomba, kaka, binamu, baba mdogo. Siku hizi wamo watu wa makabila mengi na mikoa mingi, Waislamu na Wakristo, lakini desturi ile imebaki. Anayeingia bila undugu hupewa undugu. Atamwita mwalimu wake mjomba, atamwamkia shikamoo kila asubuhi, na yeye ndiye atakayetumwa chai.

Kufundishwa kwenyewe ni kwa macho. Mwanafunzi huanza na kazi ambazo mgeni hazioni: kuosha brashi kwa mafuta ya taa, kuchonga mbao za fremu, kuvuta kitambaa cha pamba mpaka kikigongwa kwa kidole kinalia. Kitambaa kilicholegea huharibu kazi yote, maana rangi ya mafuta ikikauka juu yake hufanya mikunjo. Akimudu hapo hupewa kupaka rangi ya nyuma, ile inayoanza na njano chini na kupanda taratibu mpaka bluu au nyekundu bila kuonyesha mahali zinapokutana. Baadaye atajaza miili ya wanyama ambao mwalimu ameshawachora kwa mstari. Mwisho kabisa ndipo atashika madoa.

Hapo kwenye madoa panahitaji kutazamwa kwa karibu. Chukua picha ya kanga wawili, ndege wale wa porini. Mchoraji ameshajaza miili yao kwa rangi nyeusi iliyolala kimya, ameiacha ikakauka. Sasa anachovya ncha ya brashi nyembamba katika kifuniko cha kopo chenye rangi nyeupe, anaigusisha ukingoni ili rangi ya ziada ichuruzike, anashusha mkono. Doa. Anainua, anashusha tena. Shingoni madoa ni madogo kama punje za mtama, kifuani yanakua, mgongoni yanapangana kwa mistari inayofuata umbo la ndege, na kufika mkiani yanapungua tena. Hapimi kwa rula wala hachori mistari ya kumwongoza. Rangi ikiwa nzito doa litasimama na kuacha kichuguu. Ikiwa nyepesi litatambaa na kugusana na jirani yake. Kwa hiyo kila baada ya muda anadondoshea mafuta ya taa kidogo, anakoroga, anajaribu kwenye kipande cha karatasi, anarudi kazini. Wakati huo maongezi yanaendelea: Simba na Yanga, msiba wa jana, bei ya rangi. Mkono hauachi.

Rangi ya mafuta ina mwendo wake, na ndiyo inayopanga siku ya mchoraji. Tabaka moja lazima likauke kabla ya jingine, na masika, hewa ya Dar es Salaam ikiwa imejaa unyevu, picha iliyopakwa asubuhi bado inanata kesho yake jioni. Kwa sababu hiyo hakuna anayechora picha moja tu kwa wakati. Utamkuta mtu ana picha tano zimeegemezwa ukutani, kila moja imefika hatua yake, naye anahama kutoka hii kwenda ile. Maonyesho mengi na watalii wengi huja kiangazi, kuanzia Juni na Julai, miezi ambayo pia maonyesho ya biashara ya Sabasaba hufanyika kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa. Basi picha zinazotakiwa wakati wa jua lazima zianzwe wakati wa mvua. Anayengoja masika yaishe amechelewa.

Ndipo unapoona mzigo halisi wa mtu huyu. Anazo kazi za aina mbili, na zote zinadai mikono ileile. Kuna picha ndogo za kila siku: twiga watatu jua likizama, tembo na mbuyu, Kilimanjaro na Wamasai. Hizi hununuliwa na mpita njia anayerudi kwao kesho, nazo ndizo zinazolipa kodi ya chumba na ada za watoto. Na kuna picha za maonyesho. Hizi huwa kubwa na mara nyingi zinasimulia kisa: hospitali iliyojaa wagonjwa, manesi na ndugu waliobeba vyakula; soko la samaki; harusi; mganga na wateja wake; mashetani wa kila umbo. Mohamed Charinda aliheshimiwa sana kwa picha za namna hii, zenye hadithi na historia ndani yake. Picha moja ya namna hiyo inaweza kumla mtu wiki kadhaa, na katika wiki hizo haingizi hata senti. Nimewaona wachoraji hodari wakiiweka kando picha kubwa mara kwa mara, wanageuka kuchora twiga wawili wa haraka kwa sababu nyumbani gesi imekwisha.

Hapa jamaa ndipo wanapoingia. Mwenye oda kubwa humgawia mwenzake anayejiandaa na maonyesho picha chache za kuchora, ili apate cha kumsogeza. Mama lishe anayewapikia huandika deni kwenye daftari na hasemi mengi, maana anajua mwezi wa saba utafika. Anayekwenda Kariakoo kununua rangi huwauliza wenzake, wakachanga nauli na kununua makopo makubwa ya kugawana. Na nyumbani, mke anayeuza vitumbua au kushona ndiye mdhamini wa kwanza wa maonyesho mengi ambayo katalogi zake hazimtaji. Ningependa siku moja atajwe. Wanawake wanaoshika brashi wenyewe ni wachache bado, ingawa wapo waliojijengea jina, Agnes Mpata akiwa mmojawapo. Wengi niliozungumza nao huchora baada ya kazi za nyumbani kumalizika, na saa hizo mwanga wa jua umekwisha.

Ipo desturi moja inayowatatiza watu wa nje, nayo ni ya kuigana. Picha ikiuzwa vizuri leo, baada ya siku chache utaiona kwa jirani, na juma lijalo kwa jirani wa jirani. Kwa wazee hili halikuwa wizi. Edward aliwafundisha wanafunzi wake kwa kuwaachia waige, nao wakawaachia wao, na bila hilo kusingekuwa na Tingatinga baada ya mwaka 1972. Lakini maonyesho yana sheria nyingine. Pale mtu anaulizwa kazi yake mwenyewe ni ipi, na mnunuzi anayetoa pesa nyingi hataki kukuta picha hiyohiyo barabarani. Kwa hiyo desturi imejitengenezea mpaka. Picha ya maonyesho inapochorwa, wengi huigeuza ukutani au kuifunika kanga jioni, na wenzao wanaelewa bila kuambiwa. Anayeiiga kabla ya ufunguzi huitwa na wazee akaketishwa chini. Sheria ya hakimiliki ya nchi ipo tangu mwaka 1999, na COSOTA, chombo kinachoisimamia, wapo, ila katika maisha ya kila siku pale kibandani kinachomzuia mtu ni aibu mbele ya mjomba wake. Kwangu mimi huo ni ulinzi wa kweli, na nina wasiwasi nao, kwa sababu hauna nguvu yoyote juu ya kiwanda cha ng'ambo kinachochapa twiga wa Tingatinga kwenye vikombe na fulana.

Siku za mwisho ni za kufungasha. Kama picha zinasafiri mbali, kitambaa hutolewa kwenye fremu, msumari mmoja mmoja, kikaviringishwa upande wenye rangi ukitazama nje, na katikati ikawekwa karatasi ya nailoni. Gazeti halifai; rangi ikiwa bado changa, gazeti humwachia tembo herufi tumboni. Nyuma ya kila picha huandikwa jina la mchoraji, jina la picha, ukubwa na mwaka. Halafu linakuja suala la bei, na sijaona jambo linalowakosesha wachoraji usingizi kama hilo. Mtu aliyezoea kupatana na mtalii barabarani anatakiwa sasa aandike bei moja isiyoshuka. Akiandika ya chini, anawavunjia wenzake soko. Akiandika ya juu, picha zinarudi nyumbani. Kwa hiyo huketi na wazee, picha zimepangwa sakafuni, wakajadiliana moja baada ya nyingine mpaka wakubaliane.

Jioni ya ufunguzi wenzake huenda naye, hata wasio na picha ukutani. Wanapiga pasi mashati, wanachangia bajaji, wanasimama kwa pamoja pembeni mwa ukumbi. Picha ya mwenzao ikibandikwa kile kidoti chekundu cha kuonyesha imeuzwa, utawaona wanatazamana. Chama huchukua sehemu yake kwa picha zinazouzwa kupitia kwake, na baada ya hapo muuzaji hulipa madeni na kuwakumbuka waliomsaidia: huyu shati, yule kopo la rangi, mwanafunzi nauli ya kwenda kumwona mama yake Tunduru. Kukitokea msiba katikati ya matayarisho, brashi zinawekwa chini na watu wanakwenda kuzika. Maonyesho yatasubiri, au yatafunguliwa na picha pungufu.

Kinachoniumiza ni kwamba katika kumbi hizo, tangu Makumbusho ya Taifa hadi Nafasi Art Space kule Mikocheni, wanunuzi wengi bado ni wageni. Tembelea sebule za watu wenye uwezo hapa mjini. Ukutani utakuta bango la maporomoko ya maji ya nchi isiyojulikana, au maua ya plastiki ndani ya fremu ya dhahabu, vitu vilivyonunuliwa kwa bei ambayo ingepata picha nzuri ya mkono. Watoto wanaokulia chini ya kuta hizo hawajui kwamba kilomita chache kutoka kwao kuna watu ambao kazi zao zinatunzwa katika makumbusho ya Ulaya na Japani.

Morogoro Stores pako palepale, Barabara ya Haile Selassie, na vibanda viko wazi. Nenda na watoto siku isiyo ya shule. Waamkie, uliza jina la mchoraji na nani alimfundisha, keti utazame madoa yakiwekwa. Na ukipenda picha, inunue kwa bei ya haki, uitundike mahali ambapo wageni wako wataiona.