Je, Wajua? Nyama Umeiacha, Sahani Imebaki na Nini?

Je, wajua neno "vegan" lilitungwa Uingereza mwaka 1944? Donald Watson na wenzake walikata mwanzo na mwisho wa neno "vegetarian", wakaunganisha vipande. Anayejiita vegan hagusi nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Watson mwenyewe alifariki 2005, akiwa na miaka 95.

Je, wajua ng'ombe hatengenezi vitamini B12? Wala mmea hautengenezi. Hiyo ni kazi ya bakteria. Wanaoishi tumboni mwa ng'ombe huitengeneza kwa kobalti, madini yanayopanda kutoka udongoni hadi kwenye majani. Udongo ukikosa kobalti, mnyama hukondeana huku majani yamemfika magotini. Nchini Kenya maradhi hayo yaliwahi kuitwa Nakuruitis, kwa ajili ya udongo wa upande wa Nakuru. Na sisi? Tunao bakteria wa namna hiyo, ila wanakaa kwenye utumbo mpana, baada ya mahali B12 inapofyonzwa. Inatengenezwa, inapita, inakwenda chooni.

Kwa hiyo usidanganywe na mtu anayekuuzia unga wa spirulina kwa ajili ya B12: iliyomo humo kwa sehemu kubwa ni ya bandia, mwili hauwezi kuitumia. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 tu kwa siku, lakini kwa vegan ni lazima zitoke kwenye kidonge au chakula kilichoongezewa B12.

Je, wajua ini huweka akiba ya B12 ya miaka? Ndiyo maana anayeacha nyama leo hujiona mzima kabisa, kisha baadaye ganzi inaanza miguuni. Mboga za majani nazo zina foleti nyingi, ambayo inaweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Mjamzito na anayenyonyesha wasisubiri dalili; mtoto anategemea B12 ya mama.

Je, wajua chai ya rangi inayonywewa pamoja na maharage inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya madini ya chuma yasifyonzwe? Ngoja saa moja. Kamulia ndimu kwenye kunde, au maliza na embe au chungwa: vitamini C hufanya kinyume cha chai.

Kuloweka maharage usiku si kwa ajili ya kuokoa mkaa pekee. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha hupunguza fitati, kitu kinachong'ang'ania chuma na zinki tumboni. Bibi aliyechachusha unga wa uji hakuwahi kulisikia neno hilo.

Makande? Mahindi yana upungufu wa lisini, kijenzi kimoja cha protini; maharage yanayo tele. Si lazima vikutane chungu kimoja; siku moja inatosha.

Gramu 100 za unga wa wimbi zina takriban miligramu 340 za kalisi, karibu mara tatu ya maziwa kwa uzito huo huo. Takwimu hii hupendwa sana mitandaoni, ila bakuli la uji halina unga wote huo, na fitati nayo huchukua chake. Sukuma wiki ni ya kutegemewa zaidi: kalisi yake hufyonzwa vizuri. Ya spinachi hufungwa na oksalati, nyingi ikapotea.

Je, wajua chumvi ya pinki ya bei mbaya kwa kawaida haijaongezewa madini joto? Asiyekula samaki wala maziwa anayahitaji zaidi. Nunua ya kawaida, pakiti iwe imeandikwa kuwa ina madini joto.

Samaki nao mafuta yao ya omega-3 huyapata kwa mwani mdogo usioonekana kwa macho. Siku hizi mafuta hayo hukamuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mwani huo, samaki akaachwa baharini.

Na wewe uliyeko Stockholm au London: jua la Desemba halikupi vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi. Utanunua kidonge. Soma kibandiko kwanza, maana D3 nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya sufu ya kondoo. Isiyo ya mnyama hutoka kwenye kuvumwani, vile viraka vya kijivu vinavyoota kwenye mawe na magome ya miti.