Hesi za Plagi Zinapoharibika: Namna ya Kuchagua Vifaa vya Kuzitengeneza

Plagi ni kifaa kidogo kitoacho cheche ya umeme ili kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda ya injini. Hukazwa katika tundu la kichwa cha silinda kwa hesi, yaani ile michirizi ya mzunguko ambayo mafundi wengi huiita thredi. Hesi hizo zikiharibika, plagi hulegea, gesi huvuja, na hatimaye plagi yaweza kuchomoka kwa kishindo. Kununua kichwa kipya cha silinda ni gharama kubwa. Ndiyo maana zimebuniwa seti za vifaa vya kutengeneza tundu lenyewe. Lakini seti hizo hazifanani, na ile isiyofaa yaweza kuharibu kabisa kichwa ambacho kingeweza kuokolewa. Uchaguzi mzuri huanza kwa kufahamu kazi ya hesi.

Kazi tatu za hesi

Kazi ya kwanza ni kuishikilia plagi dhidi ya kanieneo ya gesi, yaani kani inayosukuma kila kipimo cha eneo. Ichukuliwe mfano wa plagi yenye kipenyo cha mm 14, na kanieneo ya newtoni 5 kwa kila milimita ya mraba wakati wa mwako. Eneo la duara la kipenyo hicho ni milimita za mraba 154 hivi. Basi kani inayoisukuma plagi nje ni 5 × 154, yaani newtoni 770, ambayo ni sawa na uzito wa mtu wa kilo 78. Katika injini ya mipigo minne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, msukumo huo hurudiwa mara 25 kila sekunde.

Kazi ya pili ni kupitisha joto. Ncha ya plagi hupata joto kali, na sehemu kubwa ya joto hilo hupitia kwenye hesi na kwenye kiti cha plagi hadi kufika katika kichwa cha silinda. Mguso ukiwa hafifu, ncha hubaki na joto mno na yaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati wake.

Kazi ya tatu ni kuiweka ncha mahali pake. Ikizama kupita kiasi yaweza kugongwa na pistoni. Ikibaki juu, mwako hauwi mzuri.

Sababu za kuharibika

Vichwa vingi vya silinda hutengenezwa kwa alumini, na ganda la plagi ni la chuma. Alumini ni laini kuliko chuma; kwa hiyo vikigombana, kinachoumia ni kichwa. Aghalabu uharibifu hutokea plagi inapoingizwa upande na kulazimishwa kwa spana, inapokazwa mno, au inapofunguliwa wakati injini ingali na joto kali. Kupaka grisi kwenye hesi nako kwaweza kudhuru. Grisi hupunguza msuguano, na kwa nguvu ile ile ya mkono, hesi huvutwa zaidi kuliko ilivyokusudiwa.

Kupima kabla ya kununua

Kipimo cha kwanza ni kipenyo. Plagi nyingi za magari ni za mm 14. Zipo pia za mm 12 na mm 10, hasa katika pikipiki na injini za kisasa, na za mm 18 katika baadhi ya injini za zamani. Cha pili ni hatua ya hesi, yaani umbali kati ya mzunguko mmoja na unaofuata. Kwa plagi za mm 14 na mm 12 hatua ya kawaida ni mm 1.25, kwa zile za mm 10 ni mm 1.0. Cha tatu ni urefu wa sehemu yenye hesi, kama vile mm 12.7 au mm 19. Cha nne ni umbo la kiti: baadhi ya plagi hukaa juu ya washa, na nyingine zina kiti cha mteremko kisichohitaji washa. Seti isiyolingana na vipimo hivi vinne haifai, hata iwe rahisi namna gani.

Aina za vifaa

Ikiwa hesi zimejeruhiwa kidogo, yafaa kutumia kifaa cha kusafisha hesi. Kipo cha aina moja ambacho huingizwa kikiwa kimefungwa, hupanuliwa ndani ya tundu, kisha huzungushwa kuelekea nje. Kifaa hicho hutumia hesi nzima za chini kama mwongozo wa kunyosha zile zilizopotoka karibu na mdomo. Hakiongezi chuma chochote. Kwa hiyo hakisaidii pale ambapo hesi zimeng'oka.

Hesi zikiwa zimeng'oka, tundu hupanuliwa, hukatwa hesi kubwa zaidi, kisha huwekwa koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu, maarufu kwa jina la Heli-Coil. Koili hiyo hujitanua kama springi na kushika ukuta wa tundu, na upande wake wa ndani huwa ni hesi mpya za kipimo cha awali. Ni nafuu, na huhitaji kuondoa alumini kidogo tu. Udhaifu wake ni kwamba yaweza kufuatana na plagi siku plagi inapofunguliwa.

Aina nyingine ni bushi nzima ya chuma yenye hesi nje na ndani. Baadhi yake, kama zile za Time-Sert, zina ukingo juu unaozuia bushi isizame, na hesi zake za mwisho hutanuliwa ili kuifunga mahali pake. Seti hii ni ghali zaidi, lakini bushi hukaa imara hata plagi ikifunguliwa mara nyingi. Pamoja na hayo, urefu wa koili au bushi hauna budi kulingana na tundu. Ikichomoza ndani ya silinda, ncha yake hupata moto na kuwasha petroli mapema.

Fundisho kutoka Marekani

Umuhimu wa idadi ya hesi ulionekana wazi katika baadhi ya injini za V8 za kampuni ya Ford zilizotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Tundu la plagi lilikuwa na mizunguko ya hesi minne hivi tu, na plagi kadhaa zilirushwa nje. Kwa kulinganisha, hesi za urefu wa mm 19 zenye hatua ya mm 1.25 huwa na mizunguko 15 hivi. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilitoa maelekezo ya kutengeneza matundu hayo kwa bushi ya alumini. Bushi ya alumini hutanuka kwa joto sawa na kichwa chenyewe, ilhali chuma hutanuka kwa nusu hivi ya kiasi hicho.

Tahadhari

Chembe za alumini zikianguka ndani zaweza kukwaruza ukuta wa silinda. Kwa hiyo kikata hesi hupakwa grisi nzito ili kuzinasa, nacho hutolewa na kusafishwa mara kwa mara. Baadaye plagi huanzwa kwa vidole, kisha hukazwa kwa spana yenye kipimo. Kwa plagi ya mm 14 yenye washa katika alumini, newtoni-mita 25 hadi 30 zatosha.

Ikionekana ufa kati ya tundu la plagi na kiti cha valvu, hakuna seti itakayofaa. Kichwa hicho sharti kifunguliwe na kupelekwa karakana. Kwa makosa mengine, kanuni ni moja: kwanza huchunguzwa chuma kilichobaki katika tundu, kisha huchukuliwa vipimo, na bei hutazamwa mwisho.