Je, Wajua? Simfoni Moja, Namba Tatu: Mambo ya Tovuti za Okestra

Je, wajua kwamba katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, vipo viti ambavyo si mali ya ukumbi? Wakati wa ujenzi fedha zilipungua, ikabidi wenye nazo waombwe kununua viti kwa pauni 100 kila kimoja. Aliyelipa alipata haki ya kukikalia kiti chake kwa miaka 999. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1871, kwa hiyo bado imebaki miaka zaidi ya 800. Viti vya namna hiyo vinazidi 1,200 kati ya vyote ambavyo ni 5,200 na ushei, na wenyewe hurithishana na kuuziana. Yapo maonyesho ambayo wenye viti huviachia, na yapo ambayo hawaachii. Sasa mwonee huruma fundi wa tovuti aliyeambiwa achore ramani ya viti vya kuuza: kiti kipo, ni kitupu, na hakiuzwi.

Boston, Marekani, wana kisa chao. Symphony Hall iliyofunguliwa mwaka 1900 ina viti 2,625 katika msimu wa simfoni. Ukifika msimu wa Boston Pops, ule wa muziki mwepesi, viti vya chini huondolewa na kuwekwa meza ndogo ndogo ili watu wale na kunywa, idadi ikashuka hadi 2,371. Ukumbi ni ule ule, ramani ni mbili. Na Berlin je? Philharmonie, ukumbi uliosanifiwa na Hans Scharoun na kufunguliwa mwaka 1963, umeiweka okestra karibu na katikati na kuwapanga wasikilizaji pande zote, matuta juu ya matuta. Mgeni anaona kiti cha bei nafuu kilicho karibu kabisa na jukwaa, anakirukia, kumbe kiko nyuma ya wapiga ngoma. Lakini wapo wanaokitafuta hicho hicho kwa makusudi, maana ukiwa huko unamwona uso kwa uso mtu anayeiongoza okestra, wakati waliolipa pesa nyingi wanamtazama mgongo. Tovuti yenye adabu humwonyesha mnunuzi picha ya jukwaa kama linavyoonekana kutoka kwenye kiti anachokitaka, kabla hajatoa hata senti.

Je, wajua kwamba programu ya tiketi inayotumiwa na kumbi nyingi za muziki na tamthilia haikubuniwa na kampuni ya kompyuta? Tessitura ilianzia Metropolitan Opera ya New York mwishoni mwa miaka ya 1990. Baadaye ikakabidhiwa kwa shirika lisilo la faida linaloendeshwa kwa ajili ya wale wale wanaoitumia. Sababu haiko mbali. Programu ya duka la kawaida la mtandaoni inamjua mteja anayenunua na kwenda zake. Jumba la opera linamjua mtu aliyenunua tiketi ya msimu mzima, akabadilisha usiku mmoja kwa sababu ya harusi, akachangia fedha mwezi wa 12, na mwaka ujao anataka kiti chake cha zamani. Okestra kubwa haiwezi kuishi kwa tiketi peke yake. Ndiyo maana katika tovuti za Marekani kitufe cha kununua na kitufe cha kuchangia havikai mbali kimoja na kingine.

Vienna wao wana shida ambayo wengine wangeiombea dua. Okestra ya Vienna Philharmonic inaeleza kwamba anayetaka tiketi za msimu za siku za kazi anaweza kusubiri miaka 6, na za mwisho wa wiki miaka 13. Tiketi za tamasha la Mwaka Mpya hupatikana kwa kura: unajiandikisha kwenye tovuti yao, kisha unangoja bahati yako. Tovuti ya namna hiyo kazi yake kubwa ni kumwambia mtu “bado” kwa upole.

Lakini penye utamu, na penye kichwa kuuma hasa, ni kwenye majina. Wimbo wa Bongo Fleva una mwimbaji na jina la wimbo, basi, mambo yamekwisha. Sasa chukua simfoni. Ina mtunzi, pengine amekufa miaka 200 iliyopita. Ina sehemu nne, kila moja na jina lake la Kiitaliano linaloeleza mwendo. Ina okestra, ina anayeiongoza, na wakati mwingine mpiga piano au waimbaji wanne na kwaya. Nani hapo ni “msanii”? Huduma za muziki za mtandaoni zilijengwa juu ya msanii na wimbo, na kwa miaka mingi mpenzi wa muziki wa mtunzi Brahms alikuwa akiletewa sehemu ya tatu peke yake, ikifuatiwa na ya kwanza ya simfoni nyingine. Kampuni ya Primephonic ya Amsterdam ilijitosa kulitatua tatizo hilo, Apple wakainunua mwaka 2021, na tarehe 28 Machi 2023 wakatoa programu ya pembeni, Apple Music Classical, kwa ajili ya muziki huu tu.

Na namba nazo hazisaidii. Simfoni ya Dvořák iitwayo “Kutoka Ulimwengu Mpya”, iliyopigwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Desemba 1893, kwa miaka mingi ilijulikana kuwa ya 5. Leo ni ya 9. Hakuna aliyekosea kuhesabu; nne za mwanzo zilikuwa hazijachapishwa, na zilipoingizwa kwenye hesabu ile ikasogea. Simfoni kubwa ya Schubert katika ufunguo wa C imepata kuitwa ya 7, ya 8 na ya 9, kutegemea nani anahesabu na yuko nchi gani. Waliookoa hali ni wataalamu waliokaa wakaorodhesha kila kazi na kuipa namba isiyohama: Ludwig von Köchel alimfanyia hivyo Mozart mwaka 1862, Otto Erich Deutsch akamfanyia Schubert, Wolfgang Schmieder akamfanyia Bach mwaka 1950. Ile ya Schubert ni D 944, popote uendapo. Ongeza tahajia: mtunzi Mrusi yule yule ni Tchaikovsky kwa Waingereza na Tschaikowski kwa Wajerumani. Sanduku la kutafutia la tovuti ya okestra likishindwa kujua kwamba hao ni mtu mmoja, mteja anaambiwa hakuna kitu, ilhali tamasha ni Jumamosi hii.

Msikilizaji wa taarabu ataielewa shida hii bila kufundishwa. Kikundi kama Ikhwani Safaa cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1905, kina nyimbo ambazo mashairi ni ya mmoja, muziki ni wa mwingine, na sauti ni ya wa tatu. Kwenye simu zetu jina linalobaki ni la mwimbaji. Mtunzi wa mashairi, ambaye pengine ndiye aliyetia ule ujumbe uliowafanya watu wanyanyuke kutunza, hana kisanduku chake.

Je, wajua kwamba nembo ya London Symphony Orchestra ni mtu? Herufi L, S na O zimechorwa kwa mstari mmoja unaopindapinda, na ukizikazia macho utaona kiongozi wa okestra ameinua mikono, kijiti mkononi. Mwaka 2017, Simon Rattle alipokuwa akiingia kuiongoza okestra hiyo, wabunifu walikwenda mbali zaidi. Walimvalisha alama za kunasia mwendo, wakamzungushia kamera 12 zilizochukua picha 120 kwa sekunde, naye akaongoza muziki wa Elgar. Mwendo wa mikono yake ukageuzwa kuwa mistari, moshi na maumbo ya kutumika kwenye mabango na kwenye skrini. San Francisco Symphony nao mwaka 2021 walijitokeza na herufi zinazonyooka na kusinyaa kufuata sauti. Mimi huzifurahia kazi hizi, ila nina sharti moja: nikifungua ukurasa kutafuta tamasha linaanza saa ngapi, herufi zitulie kwanza. Ratiba iliyoandikwa wazi, siku, saa, mahali na bei, inamfaa mtu kuliko picha kumi zinazopishana. Bahati nzuri ugonjwa wa tovuti zinazolipua muziki zenyewe mara tu zikifunguliwa umepungua. Mwaka 2018 kivinjari cha Chrome kilianza kuzuia video zenye sauti zisijianzishe bila ruhusa.

Hazina yenyewe, kwa maoni yangu, imo kwenye kumbukumbu. New York Philharmonic ilipiga tamasha lake la kwanza tarehe 7 Desemba 1842, na orodha ya kila tamasha tangu siku hiyo imewekwa mtandaoni, mtu yeyote aipakue na kuichambua. Tangu mwaka 2011 wameweka pia picha za nyaraka: barua, programu za tamasha za zamani, na vitabu vya noti vilivyotumiwa na viongozi wa okestra wenyewe. Humo utavikuta vitabu vya Leonard Bernstein vimejaa kalamu za rangi. Kwenye kitabu chake cha Simfoni ya 6 ya Mahler alibandika stika ya kubandikwa nyuma ya gari, yenye maneno ya kimtaani ya kumsifu Mahler. Mwanafunzi aliyeko Nairobi au Bujumbura anaweza kuukuza ukurasa huo mpaka aone penseli ilipokandamizwa, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Noti zenyewe nazo zina mlezi wake. Mwaka 2006 mwanafunzi wa muziki aitwaye Edward Guo alianzisha IMSLP, maktaba ya bure ya noti ambazo haki zake zimekwisha muda. Oktoba 2007 aliifunga baada ya mchapishaji Universal Edition wa Vienna kumtishia kumshitaki. Ugomvi ulikuwa wa mipaka: wakati huo Kanada, ilikokuwa maktaba, haki zilikwisha miaka 50 baada ya mtunzi kufa, na Ulaya miaka 70. Noti za Bartók, aliyefariki 1945, zilikuwa huru Montreal na haramu Vienna, na intaneti haina kituo cha forodha. Juni 2008 maktaba ilifunguliwa tena, na leo ni vigumu kumpata mwanafunzi wa muziki huu asiyeitumia.

Je, wajua kwamba Berlin Philharmonic walianza kuuza tamasha kwa intaneti tangu mwezi Desemba 2008, wakati huku kwetu wengi walikuwa wakienda kwenye mkahawa wa intaneti kufungua barua pepe? Ukumbi wao wa mtandaoni una kamera zinazoendeshwa kutoka chumba cha pembeni, hakuna mpiga picha anayekatiza mbele ya watu. Tarehe 12 Machi 2020, corona ilipofunga milango, walipiga kazi za Berio na Bartók mbele ya viti vitupu, kisha wakaufungua ukumbi huo wa mtandaoni bure kwa muda. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam kuna hesabu moja ya lazima. Tamasha lililoandikwa 20:00 ni saa mbili usiku Berlin, lakini Dar ni saa nne wakati wa baridi yao na saa tatu wakati wa kiangazi chao, maana wao huzisogeza saa zao na sisi hatuna mchezo huo. Tovuti inayomwonyesha mtu saa ya alipo imemwondolea nusu ya adha.

Miezi hiyo hiyo Rotterdam Philharmonic walitoa video ya Simfoni ya 9 ya Beethoven, kila mmoja akipiga akiwa nyumbani kwake. Watu wengi walidhani walikuwa wakipiga pamoja. Haiwezekani. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde, kwa hiyo hata jukwaani mtu aliye mita 15 kutoka kwa mwenzake humsikia akichelewa milisekunde 40 hivi, na ndiyo sababu wote hutazama kijiti. Kwenye intaneti ya kawaida ucheleweshaji huwa mkubwa zaidi, na mbaya kuliko hilo, hubadilikabadilika. Kila mpigaji hujirekodi peke yake akifuata mapigo yanayolia masikioni, kisha fundi huziunganisha sauti moja moja.

Halafu kuna roboti za kulinda hakimiliki. Septemba 2018 mpiga piano James Rhodes alijirekodi nyumbani akipiga muziki wa Bach na kuiweka video Facebook. Mfumo ukadai kwamba sekunde 47 za video hiyo ni mali ya Sony. Bach alikufa mwaka 1750, na vidole vilikuwa vya Rhodes mwenyewe. Kumbe roboti hulinganisha sauti na sauti, na wapiga piano wawili wazuri wakipiga noti zile zile hufanana sana. Rhodes alipiga kelele hadharani, Sony wakaachia. Okestra ndogo isiyo na jina la kusikika huandika barua na kungoja.

Mwisho, simu ndani ya ukumbi. Philadelphia Orchestra, mwaka 2014, walikuja na programu ya simu iitwayo LiveNote, waliyoitengeneza pamoja na Chuo Kikuu cha Drexel. Badala ya kukuambia uzime simu, walikuruhusu kuifungua, na maelezo ya muziki yakawa yanajitokeza kadiri muziki ulivyokwenda: hapa filimbi zinarudia wimbo wa mwanzo, hapa ufunguo umebadilika. Programu iliisikiliza okestra na kujua imefika wapi. Ukurasa wake ulikuwa mweusi na maandishi yamefifizwa, jirani asije akamulikwa.