Limau, Peasi na Vidonge vya Mume Wangu

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, pale Soni matunda yanakufuata hadi dirishani: mapeasi, mapichi, maparachichi. Mimi na mzee wangu hatujui kujizuia. Tulipofika chumbani tukakata peasi, tukaingia kwenye stori, na muda si mrefu vipande vikawa na rangi ya kutu. Vile nilivyokamulia limau vilibaki vyeupe.

"Kwani limau lina nini?" akauliza.

Jamani, swali zuri. Kisu kinapasua seli za tunda, na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa humo kinakutana na oksijeni ya hewani. Hapo kemikali za tunda ziitwazo fenoli zinaanza kugeuka, na mwisho wake ni ile kahawia. Ukali wa limau unakipunguza nguvu kimeng'enya, na vitamini C yake inazirudisha fenoli nyuma kabla hazijafika mbali. Lakini vitamini C nayo inatumika, inaisha, na peasi linaendelea na safari yake. Kipande kilichokwisha kuwa cha kahawia, hata ukikamulia gunia la malimau, weupe haurudi.

Mafuta ya kula yana kisa kikali zaidi. Humo kunazuka radikali huru, yaani molekuli iliyopungukiwa, inayompokonya jirani yake kile inachokosa. Jirani naye anampokonya wa pili, wa pili wa tatu, kama umbea wa ofisini, mpaka chupa nzima inanuka. Vitamini E, iliyomo kwenye mafuta ya alizeti na ya parachichi, inakubali kupokonywa halafu inatulia, haimsumbui mwingine. Mnyororo unakatika. Hiyo ndiyo kazi ya antioksidanti. Chupa ikikaa juani au pembeni ya jiko, minyororo mipya inaanza kila saa na vitamini E inaisha haraka. Iweke kabatini, gizani.

Na wala oksijeni si mbaya kila mahali. Milima hiyohiyo ya Usambara inalima chai, na chai nyeusi haipatikani bila oksijeni: majani yanasagwa makusudi, yanaachwa yageuke rangi, ndipo yanakaushwa kwa joto ili mambo yasimame. Ya kijani inapashwa joto mapema, kabla haijageuka.

Mzee akachangamka. "Si ndo maana nameza vile vidonge!" Anavuta sigara, na kuna mtu alimuuzia kopo la beta-karotini, eti antioksidanti ya kulinda mapafu.

Hapo sikucheka. Mwili si sahani ya mapeasi. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya utafiti wa Finland, wanaume zaidi ya 29,000, wote wavutaji, waliofuatiliwa miaka 5 hadi 8. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Utafiti mwingine wa Marekani ulisimamishwa mapema, mwaka 1996, kwa sababu ulionyesha hatari hiyohiyo. Karoti za sokoni hazina kesi. Kesi ni ya dozi kubwa za vidonge kwa mvutaji.

Alikaa kimya, akala peasi. Tuliporudi Dar kopo likaenda kwenye pipa la taka. Sigara bado tunabishana.